Mkojo Unaochoma na Kurudi Tena



Tumfikirie mkulima mmoja mwenye umri wa miaka 45. Mkojo unamchoma. Usiku anaamka mara nne kwenda chooni. Anakwenda dukani, ananunua vidonge, anavimeza siku tano. Maumivu yanapungua. Vidonge vilivyobaki anavifunga katika kitambaa na kuvificha juu ya kabati. Baada ya miezi miwili mkojo unachoma tena. Sasa anaanza kumtazama mkewe kwa jicho baya. Ugomvi unaingia nyumbani.

Huenda mke huyo hana kosa lolote. Huenda vijidudu havikutoka nje ya nyumba. Vilikuwamo mwilini mwa mume siku zote, vimejificha katika tezi dume.

Tezi dume ni kiungo kidogo ambacho mwanamume anacho na mwanamke hana. Kwa kijana kinalingana na ndimu ndogo. Kimekaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa. Mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume.

Vijidudu vinavyoingia humo mara nyingi ni vile vinavyoishi matumboni mwetu bila kutudhuru. Vikifika katika mrija wa mkojo, vinaweza kupanda mpaka kwenye tezi. Mara chache ni vijidudu vya magonjwa ya zinaa. Ndiyo maana kupima ni bora kuliko kushuku.

Kwa nini ugonjwa huu unarudi? Ndani ya tezi mna vijia vingi vyembamba. Vijidudu hujikusanya humo na kujifunika utando. Dawa nyingi hazifiki vizuri mahali hapo. Wewe umewahi kubomoa kichuguu. Ukiua mchwa wa juu tu, malkia yuko chini anataga. Baada ya muda kichuguu kimesimama tena. Vidonge vya siku tano huua vijidudu vilivyomo katika mkojo. Mgonjwa anapata nafuu, naye anadhani amepona.

Ugonjwa ukidumu miezi 3 au zaidi huitwa wa muda mrefu. Mgonjwa husikia maumivu kiunoni, chini ya kitovu, au kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Wengine huumia wanapotoa manii. Zipo pia siku ambazo hasikii kitu chochote.

Lakini kichocho, kisonono na kuvimba kwa tezi kwa wazee huweza kuleta dalili zinazofanana na hizi. Tena, katika wanaume 100 wenye maumivu ya muda mrefu ya sehemu hiyo, wanaokutwa na vijidudu katika tezi hawafiki 10. Wengine wanahitaji matibabu ya namna nyingine. Basi usijipe dawa mwenyewe. Nenda zahanati, na ukiandikiwa barua ya kwenda hospitali, nenda.

Huko watapima mkojo wako. Daktari huvaa mpira mkononi na kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hapo ndipo wanaume wengi hukimbia! Ni kazi ya muda mfupi tu, na daktari ameifanya kwa wengi kabla yako. Pengine ataibonyeza tezi, kisha atachukua mkojo tena ili alinganishe.

Vijidudu vikionekana, utapewa dawa inayoweza kuingia ndani ya tezi. Utaimeza wiki 4 mpaka 6, wakati mwingine zaidi. Imeze yote, hata kama maumivu yamekwisha wiki ya kwanza. Ukipewa siprofloksasini, usiimeze pamoja na maziwa, kwa sababu maziwa huipunguza nguvu. Kano za miguu zikianza kuuma, acha kuimeza na urudi kwa daktari upesi. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu hupunguza maumivu. Pombe na pilipili huwazidishia wengine maumivu.

Ukipata homa kali na kutetemeka, au mkojo ukikataa kabisa kutoka, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na vile vidonge vilivyo juu ya kabati, vichukue unapokwenda kutibiwa, ili tabibu aone ulikuwa unameza nini.