Tenisi katika joto la Kikambala: moyo kwanza, kisha kiwiko

Kila mwaka shule zikiwa zimefungwa mwezi wa Desemba, barabara ya Mombasa kwenda Malindi hujaa magari ya watu wa bara. Wakishapita Mtwapa, na kabla ya kufika Vipingo, wengi wao hukata kulia kuingia Kikambala, kwenye hoteli na nyumba za kukodi zilizo kando ya bahari. Humo, baina ya minazi na bwawa la kuogelea, mara nyingi utakuta kiwanja cha tenisi. Na siku ya pili tu ya likizo, saa tano asubuhi, utamwona bwana wa makamo ambaye tangu Januari zoezi lake kubwa limekuwa kupanda ngazi za ofisi. Ameazima raketi pale mapokezi, amevaa viatu vya kukimbilia, naye anaupiga mpira kana kwamba anaudai. Kufikia chakula cha mchana kichwa kinamgonga au kiwiko kinamwuma. Mara chache, na hizo ndizo za kuogopwa, hutoka kiwanjani amebebwa.

Kosa si la tenisi. Utafiti uliofanywa Copenhagen, Denmark, na kuchapishwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu wapatao 8,500 kwa muda wa miaka 25 hivi, ukaonyesha kuwa waliocheza tenisi waliishi kwa wastani wa miaka 9.7 zaidi ya wale wasiofanya mazoezi yoyote. Mwingine wa Uingereza na Scotland, uliotolewa mwaka 2016 na kuhusisha watu zaidi ya 80,000, ulikuta kuwa wachezaji wa michezo ya raketi walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 47 katika kipindi cha utafiti. Nisingeziamini tarakimu hizo kikamilifu, kwa sababu mcheza tenisi aghalabu ni mtu mwenye pesa, mwenye daktari na mwenye marafiki, na hayo nayo huongeza umri. Lakini mchezo wenyewe una tabia ambazo madaktari huzipenda: mbio fupi, pumziko fupi, kujipinda, kutumia macho, na kuwa na mwenzako wa kukuuliza mbona jana hukuja.

Tatizo ni mwili uliotoka Nairobi jana. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na jioni zake ni za sweta. Kikambala iko pale bahari ilipo. Msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana hupita digrii 30, na hewa imejaa unyevu. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikiwa tayari imeshiba maji, jasho halikauki, hudondoka tu, na joto hubaki ndani. Moyo unalazimika kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kupeleka damu kwenye misuli inayokimbia na kupeleka nyingine kwenye ngozi ili ipozwe.

Mwili hujifunza. Baada ya siku 10 hadi 14 za kuzoea, maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na huwa na chumvi kidogo. Lakini hesabu hiyo, msomaji, haiafikiani na likizo ya wiki moja. Utakuwa unafunga mizigo kurudi nyumbani wakati mwili wako ndio kwanza unaanza kuelewa uko wapi. Kwa hivyo siku tatu za mwanzo cheza nusu saa tu, mpira wa kupasiana bila kuhesabu pointi, kisha uongeze dakika kumi kumi.

Saa nazo zichague vizuri. Asubuhi ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu. Jioni ni kuanzia saa kumi na nusu hadi giza linapoingia. Kati ya hapo kiwanja cha saruji kinakuchoma kutoka chini na jua linakuchoma kutoka juu. Upepo wa baharini wa alasiri unaburudisha, lakini unadanganya pia, kwa kuwa huondoa jasho kabla hujaliona, ukadhani hujapoteza maji. Mtu anayecheza kwa nguvu katika joto anaweza kupoteza lita moja hadi mbili na nusu kwa saa. Kama hoteli ina mizani, jipime kabla na baada ya mchezo: kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji unayodaiwa. Kunywa kidogo kidogo kila mnapobadilishana upande, wala usisubiri kiu. Lakini usijijaze maji matupu kupita kiasi, kwani chumvi ya damu ikishuka sana nayo ni hatari.

Madafu je? Ni kinywaji kizuri na pale Kikambala hayatafutwi mbali, ila yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, ilhali jasho hutoa chumvi zaidi. Kwa mchezo wa zaidi ya saa moja, kunywa dafu lako kisha ule kitu chenye chumvi, au changanya lita moja ya maji safi na nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, mchanganyiko ule ule wanaopewa watoto wanaoharisha. Bia ya usiku uliotangulia haimo katika hesabu ya maji. Hiyo inakufanya ukojoe zaidi.

Dalili za kuacha mchezo mara moja ni kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya shavu la mguu kukakamaa, kichwa kuuma, na kusikia baridi au kusisimka mwili katikati ya joto. Hapo mtu alazwe kivulini, miguu iinuliwe, anyweshwe. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto, na dakika zinahesabika. Usijitulize kwa kuona angali anatoka jasho. Mchezaji anaweza kupatwa na hali hiyo akiwa amelowa. Mmwagieni maji mwili mzima bila kukoma, mpepeeni, mwekeeni barafu shingoni, makwapani na kwenye mapaja, huku gari la hospitali likiitwa. Asipewe chochote cha kunywa ikiwa hana fahamu timamu. Kupozwa ndiko kwanza, safari baadaye.

Sasa tuje kwenye mpira, kwa sababu hapa ndipo kiwiko kinapoharibika. Hewa ya Nairobi ni nyepesi na mpira huruka kwa kasi, hata kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zina mpira wake maalumu wa kuchezea mahali palipo juu ya mita 1,219. Pwani hewa ni nzito, na manyoya ya mpira hunywa unyevu. Mgeni hupiga pigo lake la kawaida, mpira unaanguka kwenye wavu, anakasirika na kuongeza nguvu za mkono. Mkono wa mbele ni kitu chembamba. Nguvu ya tenisi hutoka ardhini, ikapitia miguuni, kiunoni na begani, na mkono unaipokea tu na kuipitisha.

Kwa anayeanza, ningetaka mkufunzi amfundishe mambo matatu kabla ya kitu kingine. La kwanza, kushika raketi kama anayempa mtu mkono wa salamu, si kama anayekaba kuku. Vidole vikaze pale mpira unapoguswa tu. La pili, kugeuka ubavu mapema, mpira ungali upande wa pili, ili bega lielekee wavu. La tatu, kuugusa mpira ukiwa mbele ya mwili. Mpira unaoguswa ukiwa umechelewa, sambamba na nyonga au nyuma yake, ndio unaovuta kano za kiwiko. Mkufunzi anayeanza somo la kwanza kwa kukuonyesha jinsi ya kuanzisha mpira kwa kishindo, mwombe akusubiri.

Wanaojua kupasiana tayari hupoteza pointi nyingi kwa kulenga mstari wa pembeni. Tazama vipimo. Wavu una kimo cha mita 1.07 kwenye nguzo, lakini katikati umeshuka hadi sentimita 91.4. Urefu wa kiwanja ni mita 23.77, ilhali ukipiga mshazari, kutoka pembe hadi pembe ya kiwanja cha mtu mmoja mmoja, unapata mita 25 na ushei. Kwa hivyo pigo la mshazari linavuka mahali pafupi na kutua mahali parefu, na halihitaji nguvu. Cheza hivyo mara tatu kati ya nne na utashangaa mkono unavyopumzika.

Upepo ukivuma, rusha mpira wa kuanzishia chini kidogo kuliko kawaida yako. Unapocheza dhidi ya upepo piga kwa uhuru, maana upepo utaurudisha mpira ndani. Ukiwa nyuma yako, upandishe raketi kutoka chini kwenda juu ili mpira ujizungushe na kushuka. Na kila mpinzani anapokaribia kuupiga, ruka kidogo mahali ulipo, utue kwa miguu yote miwili. Kijiruko hicho ndicho kinachowafanya wachezaji wazuri waonekane wanajua mpira utakwenda wapi. Kwa aliyebobea sina mengi ya kumwambia, ila ahesabu mipira anayoanzisha, kwani bega halisahau, na katika wiki ya joto apunguze idadi hiyo badala ya kupunguza mazoezi ya miguu.

Viatu vya kukimbilia viacheni ufuoni. Vimetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbele, visigino vyake vimenyanyuka, na ukikata kwenda kando kifundo cha mguu hupinduka. Raba yenye soli bapa na ubavu mgumu inafaa zaidi.

Maumivu ya kiwiko hujitokeza upande wa nje, kwenye mfupa unaochomoza, na huzidi ukiinua kikombe au kukamua nguo. Madaktari wa Uingereza walikuwa wakiyaandikia tangu miaka ya 1880, mchezo ungali mchanga, ingawa wengi wanaougua hivi leo hawajawahi kushika raketi: ni maseremala, wapishi, wachapaji. Huwapata hasa wenye umri wa miaka 35 hadi 55. Kinachouma ni kano iliyochakaa kwa kutumika kuliko uwezo wake. Ukiyasikia, acha kupiga kwa upande wa mgongo wa mkono kwa mkono mmoja, tumia miwili. Iache raketi ya hoteli yenye nyuzi ngumu kama waya na kishikio kilichochakaa, na usicheze na mipira iliyolowa.

Kisha fanya zoezi hili. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini na kitanga kikiwa nje ya ukingo, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Iinue kwa msaada wa mkono wa pili, halafu uishushe polepole ukihesabu hadi tano. Mara kumi na tano, awamu tatu, kila siku kwa majuma kadhaa. Maumivu madogo yanavumilika, makali yasikubalike. Wengi hupona katika mwaka mmoja kwa subira hiyo. Sindano ya steroidi inavutia kwa sababu huondoa maumivu kwa wiki chache, lakini tafiti, ukiwamo mmoja wa Australia wa mwaka 2013, zimeonyesha kuwa baada ya mwaka waliodungwa walikuwa katika hali mbaya kuliko wasiodungwa.

Aliyepita miaka 40, au mwenye kisukari au shinikizo la damu, amwone daktari kabla ya safari, si baada yake. Vidonge vya shinikizo vinavyoongeza mkojo hukausha mwili haraka pwani, na vingine huzuia mapigo ya moyo kupanda, hivyo mtu huchoka asijue sababu. Usiviache kwa ajili ya mchezo. Uliza tu namna ya kucheza navyo. Kifua kikibana, au maumivu yakienda begani na kwenye taya, mchezo umekwisha na unakwenda hospitali, hata kama ulikuwa unaongoza.

Watoto nao wataomba raketi, hasa tangu Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa taji la wasichana la wachezaji wawili wawili huko Wimbledon mwezi wa Julai 2022, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Usimpe mtoto wa miaka saba mpira wa manjano wa watu wazima. Unadunda juu ya kichwa chake, anaupiga mkono ukiwa hewani, na bega linaumia. Tangu mwaka 2012 kanuni za kimataifa zimekataza mpira huo katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kurudi chini. Wa rangi nyekundu ndio wa polepole zaidi, nao huchezewa kwenye kiwanja cha mita 11 hivi; kisha huja wa machungwa, halafu wa kijani.

Kama mipira hiyo haipatikani, maji yakitoka Kikambala huacha mchanga mgumu na mpana ambao haumgharimu mtu chochote. Funga kamba kati ya vijiti viwili, juu kidogo ya kichwa cha mtoto, wapasiane mpira laini bila kuuacha uguse chini. Wavae kofia, na kila robo saa wote waitwe kivulini wanywe, wanaotaka na wasiotaka.