Vidonge vya moyo na duka la dawa la Katoro

Mchimbaji wa Nyarugusu aliyebadilishiwa valvu Bugando, au kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, hurudi Geita na mfuko wa vidonge. Kila kimoja huwa ameelezwa kazi yake. Kinachosahaulika mara nyingi ni kumwambia dawa zipi za dukani Katoro zitagombana navyo.

Baada ya upasuaji wa moyo, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hupata mapigo yasiyo na mpangilio, hasa siku ya pili hadi ya nne. Vyumba vya juu vya moyo hutetema badala ya kusukuma, damu hutuama humo, huganda, na bonge likichomoka na kufika ubongoni ni kiharusi. Amiodaroni, mojawapo ya vidonge hivyo, huzuia mapigo hayo yasirudi. Wengi huimeza wiki chache tu, lakini mabaki yake hukaa mwilini miezi. Humfanya mtu aungue upesi na jua, kwa hiyo anayeshinda kwenye karasha la kusaga mawe avae kofia na mikono mirefu.

Sasa ije malaria, na Geita haikosi. Lumefantrini iliyomo kwenye dawa ya malaria ya mseto, sawa na amiodaroni, huchelewesha umeme wa moyo kutulia baada ya kila pigo. Zikikutana, zinaweza kuleta mvurugiko mbaya kuliko ule tuliokuwa tukiuzuia. Kwinini nayo ni hivyo hivyo. Jasho la duarani mgodini, kuharisha na vidonge vya kukojoza hupunguza potasiamu, hatari ikazidi. Simwambii mtu aache kutibu malaria, nayo inaua. Apime kwanza, aoneshe daftari lake kituoni, atibiwe akiangaliwa.

Mwenye valvu ya chuma ana wafarini pia, dawa ya kuzuia damu isigande, na hapa ndipo ninapohofia zaidi. Amiodaroni huiongezea nguvu kiasi kwamba dozi mara nyingi hupunguzwa kwa theluthi hadi nusu. Flagyl na Septrin, zinazonunuliwa kama karanga, huiongezea tena; dikilofenaki ya mgongo hukaribisha kutoka damu tumboni. Mlenda na matembele huipunguzia wafarini nguvu; si haramu, ila kiasi kisipande na kushuka kila wiki.

Na daktari akisimamisha amiodaroni, kipimo cha INR, kinachoonesha damu inavyochelewa kuganda, kiendelee: kadiri inavyoisha mwilini, dozi ile ile ya wafarini itaanza kuwa ndogo.