Maporomoko, Vijito na Njia za Miguu chini ya Mlima Meru

Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kaskazini mwa Tanzania, imekaa juu ya mabaki ya volkano. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967 eneo la kreta ya Mlima Meru likaongezwa, ikapewa jina ililo nalo sasa. Si hifadhi kubwa, lakini ndani yake yamo maporomoko ya maji, vijito, maziwa ya magadi na njia ya miguu inayofika kileleni mwa Meru, mita 4,566 juu ya usawa wa bahari.

Sura ya nchi hii ilitokana na tukio moja kubwa. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru uliporomoka, na mawe, tope na majivu yakamwagika tambarare upande wa Kilimanjaro. Mlima ukabaki na kreta yenye umbo la kiatu cha farasi, iliyo wazi kwa mashariki na yenye ukuta wa mwamba unaokaribia mita 1,500 kwenda juu. Baadaye milipuko midogo ilijenga kilima cha majivu ndani ya kreta hiyo. Mara ya mwisho Meru kutoa majivu ilikuwa mwaka 1910.

Volkano ndiyo inayoamua maji yapite wapi. Pepo za mvua hunyesha zaidi kwenye miteremko ya kusini na mashariki, yenye msitu mzito. Majivu na mawe yaliyovunjika hunyonya maji hayo upesi, yakazama mpaka yakutane na zaha ngumu isiyopitisha, kisha yakatokea chini kama chemchemi. Ndiyo maana vijito kadhaa huendelea kutiririka hata kiangazi.

Maporomoko huzaliwa pale zaha ngumu inapolala juu ya tabaka laini la majivu na changarawe. Kijito hulila tabaka la chini haraka kuliko la juu, ukingo wa zaha ukabaki umejitokeza, na maji yakadondoka moja kwa moja. Zaha ikikosa cha kuiegemeza hukatika vipande vipande, na mawe makubwa yaliyorundikana chini ya maporomoko ni ushahidi wa kazi hiyo.

Maporomoko yanayotembelewa zaidi ni Tululusia, yasiyo mbali na lango la Momella. Njia huanzia langoni, huvuka mto Ngare Nanyuki na kupita uwanda wa nyasi ambako nyati na ngiri hula, kisha huingia msituni. Kwa sababu ya nyati na tembo, hakuna anayeruhusiwa kutembea kwa miguu bila askari wa hifadhi mwenye silaha.

Njia ya kusini ya kupanda Meru ni ndefu na mteremko wake ni wa taratibu. Hupita karibu na maporomoko ya Maio na chini ya mkuyu mashuhuri uliofanya tao juu ya barabara, lenye nafasi ya kupitisha gari. Mkuyu wa namna hii huanza maisha juu ya mti mwingine, mbegu ikiwa imeachwa na ndege katika panda la tawi. Huteremsha mizizi hadi ardhini, ikaukumbatia mti mwenyeji na hatimaye kuuua. Ukishaoza, hubaki uwazi. Mbega weusi wenye manyoya marefu meupe huonekana mara nyingi kwenye miti ya upande huu.

Wanaopanda mlima hulala kwanza kwenye kibanda cha Miriakamba, mita 2,514, kisha kwenye kibanda cha pili, mita 3,570. Kadiri wanavyopanda, msitu mnene huipisha mitarakwa, kisha vichaka vya mlimani, na juu kabisa hubaki mawe na majivu matupu.

Tambarare chini ya mlima yako maziwa ya Momella, katika mabonde yaliyoachwa kati ya vilima vya mporomoko ule wa kale. Hulishwa zaidi na maji ya ardhini, na kwa kuwa maji hupotea kwa mvuke, chumvi za magadi hubaki na kujilimbikiza. Aina za mwani hutofautiana toka ziwa hadi ziwa, hivyo rangi ya maji nayo hutofautiana, na heroe hufuata chakula kilipo.

Uzuri wa maji haya una upande wa pili. Miamba ya Meru ina floridi nyingi, na vijito na chemchemi huiyeyusha. Kiwango cha mwisho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Meru hukipita. Mtoto anayekua akiyanywa hupata meno ya kahawia, na anayeyanywa kwa miaka mingi huweza kuharibika mifupa. Huko Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichoendeleza njia ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Njia huwa kavu Juni hadi Oktoba, nayo maporomoko hujaa zaidi mwishoni mwa masika, wakati ardhi inateleza. Mgeni avae viatu vyenye meno, afuate maelekezo ya askari, na abebe maji yake ya kunywa: ya kijitoni, hata yawe maangavu namna gani, ni ya kutazama tu.