Matatu si mara tatu ya miguu: Panga data ya mradi wako vizuri

UKO mwaka wa mwisho chuoni na hojaji zako zote zimerudi. Swali moja liliuliza wanafunzi hufikaje darasani. Kwenye Excel ukaandika: miguu 1, bodaboda 2, matatu 3. Ukatafuta wastani, ukapata 2.1. Sasa niambie, 2.1 ni usafiri gani huo? Boda iliyoanza kugeuka matatu?

Hizo 1, 2, 3 ni majina tu, kama nambari za ruti. Hakuna mtu Nairobi anayeamini matatu ya 46 ni mara mbili ya ile ya 23. Lakini programu ya takwimu haijui hilo. Itahesabu tu, na utatetea matokeo ya uongo mbele ya msimamizi wako.

Dawa ni rahisi: kila jibu lipe safu yake ya ndiyo au la. Kwenye safu ya matatu, anayepanda apate 1, asiyepanda 0. Kama majibu yako safu ya B, andika =IF(B2="matatu",1,0) kisha buruta hadi chini. Sasa wastani una maana: 0.45 ni asilimia 45 ya wanafunzi.

Ila chunga hapa. Ukifanya rigresheni, usiingize safu zote tatu. Mtu akiwa hatembei wala hapandi boda, tayari unajua anapanda matatu, kwa hivyo safu ya tatu inarudia habari ile ile na hesabu inakwama. Acha moja nje, tuseme miguu. Matokeo ya matatu yatakuonyesha tofauti ya wanaoipanda na wanaotembea, mathalan kwa dakika za kuchelewa. R huacha moja yenyewe ukitumia factor(). Kwa pandas, get_dummies hutoa zote hadi uongeze drop_first=True.

Na usidhani hii ni ya kupita mtihani tu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022, ulioongozwa na KNBS, ulipanga familia za Kenya katika makundi matano ya utajiri. Mbinu yake hugeuza sakafu, choo na maji ya kunywa kuwa ndiyo au la. Sakafu ya udongo? 1 au 0. Saruji? 1 au 0. Makundi hayo ndiyo hutumika kulinganisha afya ya watoto wa maskini na wa matajiri.

Kwa hivyo kabla ya kubonyeza kitufe cha wastani, jiulize: hii ni nambari kweli, ama ni jina?