Lifti Ndogo ya Mizigo: Ipangwe Kabla ya Kumwaga Zege

Eneo la Ipogolo liko kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, na majengo ya ghorofa yenye vyumba vya wageni ni sehemu ya biashara yake. Jiko likiwa chini na wageni wakiwa juu, sufuria za moto, maji na mashuka hupandishwa ngazi kwa mikono, na mhudumu akiteleza huungua.

Lifti ndogo ya mizigo huondoa hatari hiyo. Ni kisanduku kinachopanda na kushuka kwenye reli ndani ya shimo lililojengewa kuta, kikivutwa na mota au kwa kamba ya mkono. Viwango vya Ulaya huiwekea kikomo cha kilo 300, na kimo cha kisanduku kisichozidi mita 1.2, kwa kuwa haikukusudiwa kubeba watu.

Shimo hilo hupita wima kutoka ghorofa hadi ghorofa. Mwenye jengo akilikumbuka baada ya zege kukauka, atalazimika kukata sakafu pamoja na nondo zake, na jengo laweza kudhoofika. Hivyo basi, nafasi yake ichorwe kwenye ramani inayowasilishwa Halmashauri ya Manispaa ya Iringa kuombea kibali cha ujenzi. Kwa jengo lililokwisha kukamilika, mhandisi aliyesajiliwa alichunguze kwanza, kisha kibali kiombwe kabla ya kutoboa.

Moto ukizuka jikoni, shimo lililo wazi hugeuka bomba la moshi kuelekea vyumba vya juu. Kuta zake ziwe za tofali au zege, na milango iwe ya chuma. Kila mlango uwe na kufuli lisilofunguka mpaka kisanduku kiwe kimesimama mbele yake, la sivyo mtoto au mhudumu aweza kutumbukia. Nyaya zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na breki iweze kushika mzigo umeme unapokatika.

Hoteli na nyumba za wageni ni mahali pa kazi. Kwa hiyo lifti zake zinahusika na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Mmiliki atunze kumbukumbu za kila ukaguzi na matengenezo, na kamba iliyoanza kuchakaa ibadilishwe kabla ya kukatika.