Bangi ya chumbani Luzira: Hesabu haikubali, sheria nayo haikubali

KAMPALA. Mtu akisema fulani "amepelekwa Luzira", hakuna mkazi wa Kampala anayedhani kwamba amekwenda kupunga upepo wa ziwa. Jina la mtaa huo wa kusini mashariki mwa jiji limekuwa jina la gereza, kwa sababu gereza kuu la Uganda liko hapo tangu miaka ya 1920.

Lakini Luzira ni zaidi ya gereza. Bandari ya Port Bell iko hapo, na ndiko meli za mabehewa kutoka Mwanza na Kisumu hutia nanga. Reli kutoka katikati ya Kampala inafika hadi bandarini. Kiwanda cha bia cha Uganda Breweries kiko jirani. Na nyuma ya hayo yote kuna safu za vyumba vya kupanga, chumba kimoja kwa familia moja, ambavyo Waganda huviita muzigo.

Katika chumba cha namna hiyo, mtu mwenye mtaji mdogo na simu ya intaneti anaweza kushawishika na wazo ambalo video za Ulaya na Marekani hulifanya lionekane jepesi: kulima bangi ndani ya nyumba. Taa moja, ndoo chache, pazia zito, na baada ya miezi mitatu au minne, pesa. Bangi, au njaga kama inavyoitwa Kiganda, haihitaji shamba, husema wanaoisifia. Inahitaji kona tu.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani jambo hili si la kusikiliza na kupita. Hata asiyepanda chochote anaweza kuombwa abebe taa, mbegu, chupa ya mafuta au boksi lililofungwa. Kabla ya kukubali, inafaa ajue hesabu na sheria zinasemaje pande zote za ziwa.

Taa za nchi za baridi

Kilimo cha bangi ndani ya nyumba hakikuzaliwa kwa sababu mmea huo unapenda chumba. Kilizaliwa Amerika Kaskazini na Ulaya kwa sababu mbili: baridi inayoua mimea kwa nusu mwaka, na polisi waliokuwa wakitafuta mashamba ya wazi kwa helikopta. Mkulima akaingia ndani, akanunua jua la umeme.

Gharama yake ilikuwa kubwa hata kwa nchi tajiri. Mwaka 2012 mtafiti wa nishati wa Marekani, Evan Mills, alikadiria kwamba kilimo cha bangi cha ndani kilikuwa kinakula takriban asilimia moja ya umeme wote wa nchi hiyo.

Kampala iko karibu na ikweta. Mchana wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, na hakuna theluji. Jua ambalo mkulima wa Uholanzi hulilipia kila mwezi, hapa linatoka bure kila asubuhi. Kwa hiyo anayefunga pazia Luzira na kuwasha taa hanunui mwanga. Ananunua usiri, na usiri huo ni ghali.

Hesabu ya Yaka

Nyumba nyingi za Kampala hutumia mita ya kulipia kabla, maarufu kama Yaka. Chukua taa moja ya wati 400 inayowaka saa 12 kwa siku. Inakula yuniti 4.8 kila siku, yaani yuniti 144 kwa siku 30, bila kuhesabu feni ya kupunguza joto.

Sasa linganisha na muzigo wa kawaida. Balbu tatu za wati 10 na runinga ya wati 60, vyote vikiwaka saa tano kila jioni, hutumia chini ya nusu yuniti kwa siku, takriban yuniti 14 kwa mwezi. Nchini Uganda yuniti 15 za kwanza za mwezi huuzwa kwa bei nafuu ili mwenye kipato kidogo asikae gizani. Taa ile moja inazimaliza katika siku tatu.

Chumba kimoja kinachotumia umeme mara kumi ya majirani wake hakijifichi. Waya za nyumba za kupanga mara nyingi ni nyembamba na zimeungwaungwa. Mzigo wa namna hiyo ukipita kwa miezi mfululizo, waya hupata moto. Mwenye chumba akikwepa mita na kujiunganishia umeme, ameongeza kosa la pili juu ya la kwanza, na hatari ya kuunguza safu nzima ya wapangaji.

Kuna pia hewa ya ziwa. Unyevu wa Luzira ukikutana na chumba kisicho na dirisha lililo wazi huzaa ukungu, na ukungu huharibu zao lolote. Dirisha likifunguliwa, harufu inatoka. Ukuta wa muzigo huwa ni tofali moja kati ya familia na familia, na bangi inayokaribia kuvunwa hunuka hata nje ya mlango.

Sheria iliyofutwa na kurudi

Wapo wanaokumbuka habari za Mei 2023 na kuamini kwamba Uganda iliruhusu bangi. Kilichotokea ni hiki. Chama cha wakulima na wauzaji wa miraa wa Wakiso kilikwenda mahakamani kupinga sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, iliyoliweka zao lao, mairungi, katika kundi moja na dawa zilizopigwa marufuku. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo yote. Sababu haikuwa kwamba miraa au bangi ni halali. Sababu ilikuwa akidi: Bunge liliipitisha bila idadi ya wabunge inayotakiwa.

Nafasi hiyo haikudumu. Agosti 2023 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kudhibiti dawa hizo, safari hii likiwa na akidi, na Rais Yoweri Museveni akaitia saini. Bangi na miraa zote zimo. Kulima, kumiliki au kuuza bila leseni ni kosa, na adhabu zake ni nzito. Sheria haisemi kwamba mche mmoja chumbani ni mdogo mno kuhesabiwa.

Wakulima wa miraa walishinda kesi, kisha wakajikuta karibu pale walipoanzia. Ni funzo kwa anayepanga biashara kwa kutegemea kichwa cha habari.

Leseni ni ya nani?

Uganda haikufunga mlango wote. Sheria inaruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa, kwa leseni. Mfano unaojulikana zaidi uko Hima, wilayani Kasese, ambako kampuni ya Industrial Hemp Uganda ilishirikiana na kampuni ya Israeli, Together Pharma, kulima katika vibanda vya plastiki kwa ajili ya soko la nje.

Lakini mlango huo si wa upana wa muzigo. Masharti ya Baraza la Mawaziri yaliyoripotiwa mapema mwaka 2020 yalitaka mwekezaji awe na mtaji wa angalau dola milioni 5 za Marekani na dhamana ya benki ya shilingi bilioni 4 za Uganda, pamoja na cheti cha kodi na uchunguzi wa usalama. Mkulima mdogo, na hata mfanyabiashara wa kati, hayumo katika mpango huo.

Rwanda imefuata njia inayofanana. Amri ya Wizara ya Afya ya Juni 2021 iliruhusu kulima, kusindika na kusafirisha bangi ya dawa chini ya leseni na ulinzi mkali, huku matumizi ya starehe yakibaki kosa.

Nje ya jumuiya, Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya dawa mwaka 2017, na Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020. Afrika Kusini ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kwa mtu binafsi: Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kulima kwa matumizi yake mwenyewe faraghani. Hata huko, uamuzi huo haukuruhusu kuuza. Video nyingi za mafunzo hutoka katika nchi za namna hiyo, na anayezitazama Luzira husahau kwamba sheria haisafiri pamoja na video.

Kila mpaka na hukumu yake

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Haina sheria moja ya bangi wala ya miraa.

Kenya inatumia sheria ya mwaka 1994, ambayo adhabu yake kwa kulima bangi inaweza kufika kifungo cha miaka 20. Wakati huohuo miraa ni zao halali la kilimo nchini humo na huuzwa mchana kweupe. Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2015, inapiga marufuku bangi na mirungi, na mahakama zake zimekuwa zikiwahukumu wakulima wa bangi vifungo vya hadi miaka 30. Kwa hiyo kifurushi cha miraa ambacho ni riziki halali Meru ni kesi Uganda kwa asiye na leseni, na ni kesi Mwanza.

Kwenye forodha lugha ni moja. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaweka dawa za kulevya zilizo chini ya udhibiti wa kimataifa katika orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa kuingizwa. Utaratibu rahisi wa biashara, unaomsaidia mchuuzi mwenye bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 kuvuka kwa cheti chepesi cha uasili, hauhusu bidhaa hizo hata kama thamani yake ni dola 20.

Hata mwenye leseni hasafirishi anavyotaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unataka kila shehena iwe na kibali cha nchi inayotoa na kibali cha nchi inayopokea. Kibali cha Kampala peke yake hakifungui geti la Mutukula, Busia wala Katuna.

Mzigo wa mtu

Hatari iliyo karibu zaidi na wasomaji wa mpakani ni kubeba. Afisa akifungua boksi, swali la kwanza ni nani amekutwa nalo. Jibu la "nilipewa nifikishe" huanza kusikilizwa baada ya kukamatwa, na shehena halali iliyokuwa pamoja na boksi hilo husimama pia. Samaki haisubiri upelelezi.

Bidhaa nne zinahitaji uangalifu. Ya kwanza ni mafuta na matone yanayouzwa kama dawa ya usingizi au maumivu, yenye picha ya jani la bangi au maandishi ya CBD. Ya pili ni pipi, biskuti na chai zenye alama hiyohiyo. Ya tatu ni mbegu, hata zikiitwa za katani ya viwandani. Katani hiyo na bangi ni spishi moja ya mmea, na afisa wa geti hana maabara mfukoni. Ya nne ni taa za kuoteshea. Zenyewe ni bidhaa ya kawaida, hutumika pia kwa miche ya nyanya na maua, lakini ziingizwe kwa ankara na jina la mnunuzi halisi.

Kanuni ya wazee wa Port Bell na ya Malaba ni moja: usichokifungua usikibebe.

Chumba kilekile, zao jingine

Kwa mwenye muzigo na nia ya kulima ndani, lipo zao ambalo kweli linapenda chumba: uyoga. Uyoga aina ya mamama hauhitaji jua. Huoteshwa katika mifuko ya maganda ya mbegu za pamba au mabua yaliyochemshwa ili kuua vimelea, kisha mbegu yake huchanganywa na mifuko kuwekwa gizani. Baada ya wiki mbili hadi nne utando mweupe hujaza mfuko. Hapo hupewa hewa, mwanga kidogo na maji ya kunyunyizia, na uyoga hutokeza kwa awamu.

Unyevu wa ziwa, uliokuwa adui wa mtu wa taa, hapa ni msaada, ingawa usafi ni lazima kwa sababu ukungu mwingine hushindana na uyoga. Uyoga mbichi una maji takriban asilimia 90, hivyo kilo kumi zikikaushwa hubaki takriban kilo moja. Kilo hiyo moja haiozi njiani na hubebeka kwa urahisi. Anayetaka kuivusha aulize kwanza dawati la habari za biashara mpakani kuhusu viwango, kibali cha afya ya mimea na kama bidhaa yake imo katika orodha ya utaratibu rahisi.

Faida yake haifanani na ile inayoahidiwa kwenye video. Lakini mwenye uyoga hulala mlango ukiwa haujafungwa kwa kufuli tatu, hununua umeme kama jirani yake, na akifika kwenye geti hufungua mfuko mwenyewe kabla hajaulizwa.