Utafiti Urudi Barazani: Kwa Nini Wasomi wa Utamaduni Wanafunzwa Kuzungumza na Wananchi

Watafiti wa historia, lugha, dini na mila hufika Kilifi mara kwa mara kuwahoji wazee, kupima magofu na kurekodi nyimbo. Kazi ikiisha, tasnifu huandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa kwenye maktaba ya chuo kikuu. Mara nyingi mzee aliyetoa habari hasikii tena lolote. Mafunzo ya mawasiliano kwa wasomi hawa yanalenga kuziba pengo hilo.

Tatizo liko wapi?

Msomi hufunzwa kwa miaka mingi kuwaandikia wasomi wenzake. Huanza na nadharia, hufuata mbinu, na jibu huja mwishoni. Mwananchi anataka kinyume chake: umepata nini, kinatuhusu vipi, na umejuaje?

Hasara ya kunyamaza si ndogo. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mkazi mmoja wa hapa Kilifi akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Baadaye vigango hivyo viliibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi nchini Marekani, Udvardy alikitambua kimoja katika slaidi za mtafiti mwenzake, Linda Giles, kuhusu vigango vilivyokuwa katika jumba la makumbusho huko Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Vyote viwili vilirudishwa kwa familia mwaka 2007. Picha ya utafiti iligeuka ushahidi kwa sababu ilitoka kabatini.

Wanafunzwa nini?

Kwanza, kufupisha. Shindano lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008 humpa mwanafunzi wa uzamifu dakika 3 na slaidi moja tu kueleza kazi yake yote. Asiyeweza kufupisha hugundua kwamba hata yeye hajalifikia kiini.

Pili, kuchagua neno linaloeleweka. Mwaka 2021 watafiti, wakiwemo wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walitangaza kaburi la takriban miaka 78,000 katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Aliyezikwa alikuwa na umri wa kati ya miaka miwili na mitatu. Wakampa jina Mtoto. Walieleza pia kwamba inaelekea kichwa chake kilikuwa kimelazwa juu ya kitu mfano wa mto. Mkazi akisikia hayo anaelewa kwamba waliomzika walimjali, hata kabla ya kusoma ukurasa mmoja wa ripoti.

Tatu, kutumia lugha ya wenyeji. Matokeo yaliyoelezwa kwa Kiswahili au Kigiriama katika redio ya jamii huwafikia watu ambao kitabu hakitawafikia. Wasikilizaji nao hupata nafasi ya kumsahihisha mtafiti aliyekosea jina la mahali au ukoo.

Nne, kujua la kutosema. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini si kila jambo la kaya ni la kutangazwa. Mtafiti akichapisha ramani ya mahali vigango vilipo, anamwonyesha mwizi njia. Wazee waulizwe kwanza.

Mwananchi afanye nini?

Mtafiti anatakiwa kuwa na leseni ya tume ya kitaifa ya sayansi, NACOSTI, na kuwasilisha ripoti yake kwa tume hiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Kwa hiyo, kabla ya kujibu maswali, mkazi anaweza kuomba kuona leseni, kisha naye aulize: Utatumia jina langu? Ni yapi hutayachapisha? Matokeo utatuletea lini, na kwa lugha gani? Mtafiti aliyefunzwa vyema atakuwa na majibu.